Sweta za Watoto wa Kangema

Waithira alikuwa amechoka kushukuru. Tangu mlima uliposhuka mwezi wa nne alikuwa ameshukuru kwa unga, kwa maharagwe, kwa mablanketi, kwa maombi marefu, na hata kwa viatu vya wanawake vyenye kisigino kirefu, vilivyoletwa na vijana wenye huruma ambao hawakuwa wameona udongo wa Kangema wakati wa mvua. Watu hudhani kupokea ni jambo la kunyoosha mkono tu. Kupokea ni kazi. Ni lazima usimame, uvute leso vizuri begani, na uso wako uwe na huzuni ya kutosha lakini isipite kiasi, kwa maana mgeni akikuona umevunjika kabisa ataogopa, na akikuona ukicheka atadhani amedanganywa.

Walikuwa wanaishi katika ua wa kanisa, ndani ya ukumbi mrefu wa mabati uliogawanywa kwa mashuka na maturubai, kila familia na kipande chake. Mashamba yao ya majani chai yalikuwa upande wa juu, na sasa mahali pake palikuwa na kovu jekundu ambalo hakuna aliyependa kulitazama. Mlima ulishuka alfajiri, baada ya mvua ya wiki nzima, ukafukia nyumba. Munene, mwana wa pekee wa Waithira, alimtoa mama yake mpaka barabarani akiwa amembeba mgongoni kama gunia la viazi. Halafu akarudi ndani kuchukua mashine.

Hakutumwa. Hilo Waithira alilijua na kila mtu alilijua, ila kulijua hakukumsaidia kulala. Ilikuwa mashine ya kufuma sweta, kuukuu, yenye kelele, na ndiyo iliyowalisha wote wawili tangu baba Munene alipofariki. Munene walimpata chini ya udongo. Mashine haikupatikana.

Kwa mashine hiyo Waithira alikuwa amewafumia watoto wa shule ya msingi pale kijijini kwa miaka mingi kiasi kwamba sasa aliwafumia watoto wa wale aliowafumia zamani. Sweta ya kijani iliyoiva, kama chupa, na mstari wa manjano shingoni. Mwalimu mkuu, bwana mpole aliyeitwa Simeon, alikuja kumwona mwezi wa saba, baridi ilipokuwa imetia kambi mlimani. Akazunguka-zunguka kwanza, akasifu chai, kisha akasema kwamba kuna mfanyabiashara wa Murang'a mjini anayeitaka hiyo kazi ya sweta, na kamati ya shule imeanza kumsikiliza. Yeye Simeon angeweza kuwazuia mpaka shule zifunguliwe kwa muhula wa tatu, lakini si zaidi ya hapo. Sweta zikiwa tayari siku ya kufungua, kazi ni ya Waithira kama zamani. Zisipokuwa tayari, basi.

Waithira akamwambia zitakuwa tayari. Alisema hivyo akiwa hana mashine, hana sindano, hana uzi hata wa kushonea kifungo. Lakini angesema nini? Kazi ile ndiyo kitu pekee kilichokuwa kimebaki kati yake na kuwa mpokeaji wa misaada mpaka siku atakayoingia kaburini.

Sindano hazikumshinda. Aliomba spoku za gurudumu la baiskeli iliyokufa, akazinoa kwenye jiwe mpaka ncha zikawa laini, na zikafuma vizuri tu. Uzi ndio uliokuwa mlima mwingine.

Na hapo ndipo gunia lilipokuja kutoka Nyeri.

Lilikuwa gunia kubwa, limeshonwa mdomo kwa mapenzi, na juu yake limeandikwa kwa kalamu nene kwamba ni zawadi ya akina mama wa kanisa. Gatimu, mwenyekiti wa kambi, alilifungua mbele ya watu wote kwa sababu alipenda kufungua vitu mbele ya watu. Akatoa sweta. Akatoa nyingine. Akatoa kofia, soksi, sweta tena, na kadiri alivyotoa ndivyo watu walivyozidi kunyamaza. Vyote vilikuwa vya watoto wachanga.

Katika kambi ile hakukuwa na mtoto mchanga hata mmoja. Vijana wa kuzaa walikuwa Nairobi, Thika, na Ruiru huko, wakipanga vyumba. Walioishi chini ya ule mlima walikuwa wazee, na wajukuu wachache walioachiwa wazee, na mdogo kuliko wote alikuwa darasa la tatu na mguu mkubwa kuliko wa Waithira. Mzee Moffat, ambaye jongo lilikuwa limemkalia magotini, alichukua kofia moja akaivalisha goti lake la kushoto, akasema kwamba angalau hilo limezaliwa upya. Watu wakacheka kidogo, kisha wakachoka, wakaenda zao.

Waithira hakuenda. Alikuwa ameona rangi. Gunia zima, isipokuwa soksi chache nyeupe, lilikuwa la kijani kilichoiva, kana kwamba watoto hao wangezaliwa na kuandikishwa darasa la kwanza siku hiyohiyo. Akachukua kisweta kimoja mpaka mlangoni penye mwanga, akakivuta, akakisugua kati ya vidole. Ulikuwa uzi wa sweta za shule, uleule aliokuwa akiununua maisha yake yote. Akamwuliza Gatimu kama anaweza kulichukua gunia, na Gatimu, aliyekuwa akitafuta mahali pa kulificha, akamwambia alichukue na Mungu ambariki.

Ndipo akaanza kufumua.

Kufuma kunataka siku nyingi, na kufumua ni kufumba na kufumbua. Unatafuta mahali mfumaji alipofungia, unakata fundo, unavuta, na kile kitu kinaanza kujisahau mstari kwa mstari mpaka kinabaki uzi uliojikunjakunja. Uzi huo unauzungusha kwenye mgongo wa kiti, unaufunga, unauosha, halafu unauanika na jiwe likining'inia chini ili unyooke. Waithira aliifanya kazi hiyo mchana, nyuma ya ukumbi, mahali watu hawapiti ila wanaokwenda chooni.

Hakuifanya kwa moyo mkunjufu. Aliyewahi kufuma anajua kwamba mkono wa mtu hubaki ndani ya kazi yake, na Waithira, bila kutaka, alianza kuwajua hao wanawake wa Nyeri. Kulikuwa na mmoja aliyekaza mno, kana kwamba alifuma akiwa amekasirika. Kulikuwa na mwingine aliyelegea na kupoteza kitanzi kila alipofika kwapani, labda macho yalikuwa yamemchoka. Na kulikuwa na mmoja aliyefuma vizuri kabisa, mistari imelala sawa, na kazi yake alifungia kwa njia ya pekee ambayo Waithira hakuiweza: alitafuta ule mwisho akaukosa, akaziweka kando sweta za huyo bila kuzigusa. Nyingine alizifumua huku akijisikia kama mtu anayechinja kuku wa jirani. Lakini alizifumua. Huruma isingewavalisha watoto wa Simeon.

Alikuwa amefumua zaidi ya nusu, na sweta za shule za kwanza, zikingoja mstari wa shingoni tu, zimekwisha kukunjwa chini ya kitanda chake, Gatimu alipokuja mbio na habari njema. Akina mama wa Nyeri wanakuja Jumamosi. Wanataka kuwaona watoto wakiwa wamevaa zawadi zao, na wapige nao picha.

Waithira akamwuliza ni watoto gani.

Gatimu akasema watoto watapatikana. Ng'ambo ya mto kuna akina mama wenye watoto wachanga, atawaalika na kuwaahidi chai na mkate. Kinachotakiwa ni sweta tu. Alete gunia.

Waithira akamwonyesha gunia. Lilikuwa limelala chini kama mtu aliyekonda. Gatimu akatazama ndani, akatazama uzi uliokuwa umeanikwa, akatazama mawe yaliyoning'inia, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyekuta mbuzi ndani ya kanisa.

"Waithira, umefanya nini?" akasema. "Hawa watu wakijua tunararua msaada yao, hata hiyo uzi watabeba warudi nayo. Halafu waambie wengine hapa tuko na watu hawana shukrani. Unataka hiyo?"

Hakutaka hiyo. Alitaka kumaliza sweta za shule, basi. Gatimu akamwagiza auondoe uzi pale nje kabla ya Jumamosi, achague sweta zilizobaki, na zaidi ya yote aandae maneno, maana yeye ndiye atakayetoa shukrani kwa niaba ya kambi. Alikuwa na sauti nzuri, na wageni walipenda kumsikia mjane.

Alikubali shingo upande. Zile sweta zilizomshinda kufumua, na nyingine chache ambazo hakuwa amezifikia, zikatosha kuwavalisha watoto wa kuazimwa. Uzi mwingi akaufunga ndani ya shuka. Lakini ule wa mwisho alikuwa ameuosha Ijumaa jioni, na kulipopambazuka Jumamosi ulikuwa bado unachuruzika maji, kwa kuwa jua la mwezi wa nane kule juu ni jina tu. Akauacha kwenye kamba nyuma ya ukumbi, akajiambia kwamba wageni hawatazunguka huko.

Walikuja kwa gari la kukodi kupitia Othaya. Kiongozi wao alikuwa mama mwenye mabega mapana aliyeitwa Beth, ambaye alisalimia kila mtu kwa mikono miwili huku akikunja uso kidogo kila alipobanwa vidole. Pamoja nao alikuwa mama wa Kihindi aliyevaa kadigani nzito juu ya sari, na raba miguuni. Beth akamtambulisha: huyu ni Kusum, mwenye duka la nyuzi pale Nyeri mjini, ambaye si wa kanisa lao lakini ndiye aliyewatolea uzi. Kusum akacheka na kusema alikuwa amebaki na uzi mwingi wa shule, kwa hivyo asisifiwe sana.

Watoto wa kuazimwa walikuwa wamepangwa kwenye benchi mapajani mwa mama zao, wote kijani. Mmoja alikuwa amelala. Mwingine alikuwa amekwisha kutapika kwenye kifua cha sweta, na mama yake alimgeuza upande ili isionekane. Wale wanawake wa Nyeri waliwainamia mmoja baada ya mwingine, kila mtu akitafuta kazi ya mkono wake, na Beth alipoipata yake aliligusa bega la mtoto kwa kidole kimoja na macho yake yakalowa. Waithira aliliona hilo akaona haya, kisha akachoka na haya yenyewe.

Aliposimama kushukuru alisema maneno yote yanayosemwa. Alisema mikono iliyofuma ibarikiwe. Alisema baridi ya mwezi wa saba isingewaacha watoto. Aliisikia sauti yake ikitoka vizuri, ikitetemeka panapotakiwa, na akajichukia kwa upole, kama unavyomchukia mtu uliyezoeana naye. Watu wakapiga makofi.

Ni katika ule wasaa wa chai ndipo alipoona kiti cha Kusum kiko wazi. Akauliza, akaambiwa mama ameenda chooni.

Waithira akaweka kikombe chini na kuzunguka nyuma ya ukumbi. Kusum alikuwa amesimama mbele ya kamba. Hakuwa na haja ya kuuliza ni nini, mtu aliyeuza uzi maisha yake yote. Alikuwa ameshika kipande cha ule uzi ulioloa, bado una mawimbi ya vitanzi vyake, akiuzungusha taratibu kidoleni.

"Hii ni sweta ilifumuliwa," akasema.

Waithira akakubali kwa kichwa. Nyuma yake alisikia miguu: Beth, aliyekuja kumtafuta mwenzake, na Gatimu aliyemfuata Beth kwa hofu.

Kusum akamtazama Waithira usoni kwa muda, na uso wake ukabadilika. "Mama," akasema kwa sauti ya chini, "mtoto alikufa?"

Jibu lilikuwa limeletwa mpaka mlangoni. Gatimu, nyuma ya bega la Beth, alikuwa anatikisa kichwa juu chini kwa nguvu: sema ndiyo, sema ndiyo. Neno moja tu, na wote wangelia, na uzi ungebaki, na hakuna ambaye angeuliza tena kwa nini mtu hufumua sweta ya mtoto mchanga. Na lile neno lenyewe halikuwa uongo.

"Ndiyo," Waithira akasema. "Mtoto wangu alikufa."

Beth akaweka mkono kifuani. Kusum akaja karibu akamshika kiwiko. "Pole, mama. Pole sana. Alikuwa wa miezi ngapi?"

Hapo angeweza kutaja mwezi wowote. Alifungua mdomo kuutaja. Lakini alikuwa amechoka, na uongo nao ni mzigo wa kubeba kama mzigo mwingine wowote, na hakuwa na mahali pa kuuweka.

"Alikuwa na miaka thelathini na nne," akasema.

Ndani ya ukumbi mtoto mmoja alianza kulia na mama yake akamtuliza.

"Na hawa watoto?" Beth akauliza mwishowe.

"Ni wa kuazima. Wanatoka ng'ambo ya mto. Sisi hapa hatuna mtoto mdogo." Akamweleza yote, wamesimama palepale: gunia lilivyofunguliwa, rangi, shule, Simeon, mfanyabiashara wa Murang'a, sindano za spoku. Gatimu alijaribu kuingilia mara moja, Beth akamwinulia kiganja bila kumtazama.

Waithira alipomaliza, Beth aliangalia mikono yake mwenyewe. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwenye viungo.

"Mchungaji alisimama akatuambia tusaidie watoto wetu wa Kangema," akasema. "Watoto wetu. Na sisi tukakimbia kwa Kusum."

Waithira alielewa mara moja, na karibu acheke. Katika milima ile mchungaji akisema watoto wetu anaweza kuwa anamtaja mzee mwenye mvi na fimbo. Kila mtu ni mtoto wa ukoo fulani, mtoto wa kilima fulani, mpaka afe. Mchungaji aliwaombea Mzee Moffat na magoti yake, na Waithira na udongo wake, naye pengine alikuwa sahihi kabisa. Wanawake wakasikia neno, wakaona vidole vidogo, wakaanza kufuma kwa kasi.

"Hakuna hata mmoja aliuliza," Beth akaendelea, na sasa kulikuwa na hasira ndani ya sauti, lakini haikuwa juu ya Waithira. "Simu tuko nazo. Tungepiga tuulize mnataka nini. Lakini ukiuliza unaweza kuambiwa kitu hutaki kusikia. Kufuma ni rahisi. Niliona hiyo matope kwa televisheni nikashindwa kulala, nikachukua sindano, nikalala. Sasa niambie ukweli. Hakuna hata moja ilisaidia?"

Waithira akatafuta jibu ambalo halitaumiza, akaliacha. "Inasaidia ikifumuliwa," akasema.

Beth akapokea jibu hilo kama mtu anayepokea sufuria ya moto. Kusum aliutazama uzi kidoleni mwake. Akasema kwamba dukani kuna manjano ya shingo pia, kama inatakiwa, na Waithira akasema inatakiwa. Kusum akasema itakuja na gari la kesho kutwa.

Gatimu alitumwa kuwaambia akina mama wa ng'ambo ya mto kwamba mwenye kuitaka sweta yake aende nayo. Wengine walikwenda nazo, na hilo lilikuwa jambo zuri, kwani watoto wao walikuwa watoto kweli na baridi ilikuwa baridi. Wawili au watatu walivua na kurudisha, kijani hakikuwapendeza. Mojawapo ya zilizorudi ilikuwa ile ya Beth.

Beth aliichukua, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa pale nyuma ya ukumbi. Waithira akamwambia kwamba hizo zake ndizo zilizomshinda, hakuona mwisho wa uzi uko wapi.

"Mimi huficha ndani ya mshono, kwa shingo," Beth akasema. "Mama yangu alinifunza hivyo, ati mtu asiweze kuharibu." Akaomba kisu. Akalitafuta fundo kwa ukucha, akalikata, akavuta. Sweta ikaanza kwenda. Kwanza shingo, kisha bega, kisha mkono mmoja mdogo ambao pengine ulimchukua jioni nzima, na Beth alivuta bila kusimama, midomo imekazwa, huku Waithira akiupokea uzi na kuuzungusha kwenye mgongo wa kiti. Vidole vya Beth vilikuwa vinauma, hilo lilionekana, na Waithira hakumwambia aache. Kazi ni kazi.

Walipofika kiunoni Beth akasema, bila kuinua macho, "Hata hatujui kukuita. Huyo Gatimu anakuita Waithira, Waithira, kama msichana. Wewe ni mama nani?"

Tangu mazishi hakuna aliyekuwa amemwita vile. Kambi nzima, watu waliomwita hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini, walikuwa wameliacha jina hilo siku moja kwa pamoja, bila kuambizana, ili wasimtoneshe. Walifanya hivyo kwa huruma. Na kila walipomwita Waithira, alikuwa akimzika Munene mara nyingine.

"Mama Munene," akasema.

Machozi yakatoka yenyewe, mengi, yasiyo na mpango, si yale ya kuonyesha wageni. Beth hakumwambia apige moyo konde. Aliendelea kuvuta uzi.

"Mama Munene," akasema, "shikilia hapo, isijikunje."